Viambaza vya Filomena

Watu wa Bigwa wakianza kumsifu Filomena kwa nyumba yake, mie nawaacha wamalize. Wakishamaliza nawaambia, alijifunzia kwenye zizi la mbuzi. Wanacheka, wanadhani natania. Sitanii. Mie ni mama yake mkubwa. Mama yake mzazi alikuwa mdogo wangu, akafa akaniachia huyu bado ananyonya, kwa hiyo namjua kuliko anavyojijua.

Kwetu ni Mgeta, huko juu mlimani. Nyumba zimebanwa. Nyuma mlima, mbele korongo, kila kipande kilicho sawa kimelimwa kabichi. Ukitaka kuongeza chumba uongezee hewani. Filomena ndiye alikuwa na kazi ya mbuzi. Zizi letu lilikuwa dogo, tumeligawa kwa viunzi vya mianzi vya kufunga kwa kamba. Mbuzi akizaa unafungua kiunzi, unamkatia kona yake na mwanawe. Mwana akikua unakirudisha. Beberu akianza ukorofi unamzungushia chake. Zizi halikui, mbuzi wanaongezeka, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Siku moja katoto haka kananiuliza, "Mama Mkubwa, mbona mbuzi mnawahamishia ukuta, sie tunalala wote mkeka mmoja kama viazi?"

Nilimchapa kofi. Mtoto halinganishi watu na mbuzi. Hata leo akiniuliza vile nitamchapa.

Lakini hakusahau. Na kuna jambo lingine hakulisahau, hilo ndilo la kusimulia.

Msichana wa Kiluguru akivunja ungo anawekwa ndani. Anakuwa mwali. Haonwi na mwanamume, hata baba yake. Hapazi sauti. Hatoki nje ya kuta zake mpaka siku mjomba anaposhuka, wanawake wa ukoo wanamtoa kwa ngoma, anachezwa mbele ya watu. Sie zamani tulikaa mpaka tukasahau rangi ya jua, mie nilitoka mweupe kama funza wa kwenye mhindi. Siku hizi mwali anakaa likizo ya shule tu, na padre ananuna. Anune. Lakini mwali akionwa kabla ya siku yake, basi, ngoma hakuna. Ataolewa, atazaa, lakini kila akigombana na mtu kisimani ataambiwa, "Toka hapa, mwali wa kuchunguliwa wewe."

Filomena alionwa. Nyumba yetu ya Mgeta ilikuwa chumba kimoja, tumemkatia kona kwa kanga. Mvua ikanyesha, akaingia mchuuzi wa vitunguu kujificha, kanga ikanasa kwenye kapu lake ikaanguka. Basi. Alilia mpaka sauti ikakauka. Shangazi zake wakaniambia, mtoto hana mama, tumchezee hivyohivyo. Nikakataa. Mie ndiye nilikuwa kungwi wake, na mila ukiipindisha kwa mtoto wako, kwa mtoto wa mwenzio utasema nini? Hakuchezwa.

Hajawahi kunilaumu. Ila siku ile alipofuta machozi alisema, "Binti yangu atakuwa na ukuta." Na hapo alikuwa bado hajaolewa hata.

Akaja kuolewa na Agustino, mtu wa Songea, akifanya kazi kiwandani hapa Morogoro mjini. Mie sikumpenda. Si kwa sababu ya Songea, Songea kuna watu. Sikumpenda kwa sababu alipokuja kujitambulisha alitazama paa kabla hajanitazama mie. "Hili paa la nyasi, mama, halifai," akasema. Shikamoo yenyewe ikafuata nyuma, imechoka.

Kiwanja cha hapa Bigwa ni cha ukoo wetu, mie nami nilikuja kuhamia hapahapa. Kwetu ardhi inapita kwa mama. Mwanamume anakuja kwa mkewe na alichonacho, wakishindwana anaondoka na alichokuja nacho. Agustino aliambiwa hivyo mbele ya mjomba, akakubali huku anacheka. Kwao mwanamume ndiye nyumba. Akanunua bati, zuri, sisemi uongo, na tangu lipigwe misumari kila mvua ikinyesha alikuwa anasema, "Sikilizeni bati langu." Watoto wakawa wanamuiga.

Aliyejenga ni fundi Kondo. Akauliza, "Dada, kuta za ndani ziende wapi?"

Filomena akamwambia, "Usijenge ukuta wa ndani hata mmoja. Nipe nguzo, zipange mistari, bati likae juu ya nguzo. Na mbele pia usijenge. Tofali pande tatu zinatosha."

Kondo akaweka mwiko chini. "Hii nyumba au soko?"

"We jenga."

"Na mwizi akija, mbele kuko wazi?"

"Akija aniamshe, anisaidie kuhamisha."

Basi Filomena akakaa uani na mianzi aliyoishusha kutoka mlimani. Akafunga fremu, akajaza matete, juu yake akavuta magunia yaliyotoboka, aliyapata kwa wachuuzi wa karanga wa Gairo. Gunia likishakazwa anapaka udongo mwekundu mwembamba, pande zote mbili, ukikauka anapaka chokaa. Hivyo ndivyo viambaza vyake. Wanawake wawili wanabeba kimoja bila kuita mtu. Kila kiambaza kinasimama kati ya nguzo na nguzo, kinafungwa kwa kamba za mkonge kwa fundo lake Filomena, fundo la mbuzi. Mbele ya nyumba akaziba hivyohivyo, mlango katikati.

Majirani walicheka. Nyumba ya magunia! Mie pia nilicheka, na nilicheka kwa sauti.

Halafu watoto wakaanza kuja. Alipozaliwa Wilfred akasogeza kiambaza, chumba chao wenyewe kikapungua kidogo, mtoto akapata kona inayopigwa na jua la asubuhi. Akaja Irene, akaja Pendo. Kila mmoja akija, Filomena anazunguka na kanga kiunoni anatazama nguzo, anakuna kichwa, kesho yake nyumba imebadilika. Kwenye kiambaza kimoja alitoboa tundu juu akaweka kibatari, taa moja inamulika vyumba viwili. Wilfred alipoanza kutoa ndevu, hafai tena kulala ukuta mmoja na wazazi, akazisogeza kuta za mbele mpaka mwisho wa bati, baraza likawa chumba cha kijana. Watu waliocheka wakaanza kuja kuomba awafungie hata kimoja. Aliwafungia. Mie ningewakumbusha kwanza walivyocheka.

Na ile kona ya nyuma, penye tofali pande mbili, hakuwahi kuigusa kwa jambo lingine. Aliweka magunia ya mahindi tu. Ukimuuliza anasema, "Ina mwenyewe."

Ikaja ile miaka ya ruksa. Ruksa hiki, ruksa kile. Kila dirisha duka, kila mwembe genge la mitumba. Kiwanda cha kina Agustino kikauzwa, watu wakapunguzwa. Yeye akarudi na kiinua mgongo, akakaa siku kadhaa anatazama bati lake. Halafu akapotea kwenda Dar, akarudi na televisheni kwenye boksi, na deki ya video, na mikanda imefungwa kwenye shuka.

"Hii ndiyo kazi ya sasa," akasema. "Watu wanalipa, wanaingia, wanatazama. Mimi nakaa."

"Wanaingia wapi, Baba Wilfred?" Filomena akamuuliza.

"Si hapa."

"Hapa wanalala watoto."

"Wilfred yuko bweni. Toa ukuta wa kile chumba chake cha barazani, sebule inafika mbele. Si unapenda kuhamisha? Hamisha na mimi nione faida."

Alihamisha. Sijui kwa nini alihamisha, mie nisingehamisha. Ukuta wa chumba cha Wilfred akautoa akauegemeza uani, nao ng'ombe wa jirani wakautafuna matete wakaumaliza. Kuta za mbele akaziacha ukingoni palepale. Sebule ikawa ukumbi, Agustino akatandika mabenchi, kwenye madirisha akatundika mablanketi pawe giza. Wanaume wakaanza kujaa mchana, picha za kung fu, makelele, sigara. Pendo na mama yake wanajibanza nyuma.

Ni wakati huohuo Irene alipomaliza darasa la saba, akavunja ungo.

Filomena alitoa magunia ya mahindi kwenye ile kona siku hiyohiyo. Akapaka chokaa upya. Tofali nyuma, tofali ubavuni, viambaza viwili upande wa sebuleni, pazia zito kwenye upenyo. Akanitazama akasema, "Mama Mkubwa, kaa naye." Hakusema lingine. Wote wawili tulikuwa tunajua tunazungumza habari ya nani.

Nikaingia. Mie ndiye nilikuwa kungwi wake Irene pia. Na nilimwambia Filomena pale pale, nisije nikalaumiwa: "Akionwa, sitamchezea. Hata kama ni mjukuu wangu."

"Najua," akasema. "Wewe nakujua."

Jumamosi moja, Filomena yuko sokoni anauza kabichi zilizoshushwa kutoka Mgeta. Mie ndani namfunza mwali, yeye kaketi kitandani amejifunika kanga mpaka puani. Nasikia vidole kwenye kamba, upande wa pili.

"Mama, mko humo?" Ni Agustino.

"Unataka tuwe wapi?"

"Vuteni kitanda ukutani. Nasogeza huu ukuta mstari mmoja wa nguzo. Leo watu wengi."

"Agustino, kuna mwali humu."

"Si najua. Siingii, sichungulii. Nasukuma tu."

"Watu wako wakae nje."

"Nje wataona bure!" Akacheka. "Mama, nyie wenyewe ndio mnasema mwali hatoki. Basi kama hatoki, atabanana humohumo. Vuteni kitanda."

Akafungua fundo. Nikaweka mgongo kwenye kiambaza, nikakaza miguu. Kilikuja tu. Mwanamume aliyebeba marobota kiwandani miaka yote utamzuia na mgongo? Irene akavuta miguu juu ya kitanda, macho yamemtoka, mkono mdomoni. Mwali hapigi kelele, na hakupiga. Kiambaza kikafika kwenye nguzo za mwisho kikasimama, kimebaki kitanda na mahali pa kupita kwa ubavu. Nikasikia anafunga. Anafunga vibaya, fundo la mwanamume.

Mchana ule wakajaa. Wale wa benchi la nyuma wakaegemea. Kila wakicheka kiambaza kinaingia ndani, wakinyamaza kinarudi, kama kinapumua. Udongo unadondoka vipande vidogovidogo kwenye shuka. Nilikaa pale nimekishika kwa viganja viwili mpaka picha ikaisha. Kamba moja tu ikikatika, chumba chote kinaangukia wanaume. Sitasamehe ile siku. Wenye kusamehe wasamehe.

Filomena akarudi. Alipitisha mkono kwenye mafundo, moja moja. Akayafungua, akayafunga upya palepale penye nguzo za mwisho, kwa nguvu. Mumewe akasema, "Umeona? Panatosha." Hakumjibu. Mie kimya chake nakijua. Alikaa kimya hivyo siku ile kanga ilipoanguka, alipomaliza kulia.

Jumapili, baada ya misa, mkanda mwingine. Mie niko ndani. Naona nukta ya mwanga kwenye kiambaza, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi. Tundu. Dogo, la kidole. Nikainama kutafuta udongo uliotoka kwenye tundu. Kitandani hamna, chini hamna. Nikamtazama Irene. Akaficha mkono. Nikauvuta: kucha ya kidole cha shahada imejaa chokaa.

Kumbe ni yeye. Ametoboa kutoka ndani, udongo umemwagikia sebuleni. Anatazama kung fu!

Nikamfinya paja, akauma kanga. Kabla sijamwambia neno pazia likasogea, Filomena anaingia na bakuli la uji. Akaona mwanga. Bakuli akaliweka chini taratibu, akafunika lile tundu na kiganja, akasimama hivyo kama anaziba damu.

"Wamemwona?" akaniuliza.

"Hajaonwa," nikasema. Na ni kweli, kule gizani nani angeona jicho nyuma ya tundu, na wote wanatazama mbele? Ila nani katoboa sikusema. Mtu akipata hasira yenye faida humwondolei. Sijamwambia mpaka leo, na Irene naye kama ana akili atanyamaza.

Upande wa pili wakacheka wote, kiambaza kikaja, kikampiga Filomena begani.

Akanigeukia. Ananong'ona, lakini kila neno lina uzito. "Mama Mkubwa. Nakuuliza wewe kama kungwi, usinijibu kama mama. Mwali akihama pamoja na kuta zake, ametoka au hajatoka?"

Swali kama lile hajawahi kuliuliza mtu toka milima iwepo. Nikifanya haraka nimeharibu, na huyu mtoto ananisubiri, na mwanawe ananitazama mie kama mimi ndiye ninayeshika kisu. Nikatafuta kwa mama yangu, nikatafuta kwa bibi yangu, waliyosema na wasiyosema.

"Mwali hatoki nje ya kuta," nikasema. "Kwamba kuta zisitoke, hilo sikuwahi kufundishwa."

"Na ardhi ya njiani?"

"Asiikanyage. Tandika mikeka."

Hakusubiri. Akatoka kwa nyuma, akawaita wanawake wa ukoo wetu, wanaishi hapa hapa Bigwa, walikuwa bado na nguo za kanisani. Cecilia, binamu yake, mwenye mabega kama ya beberu, akaja wa kwanza. Kwangu ni ng'ambo ya njia, ukipita kwa mzee Abasi fundi cherehani, unateremka kidogo, umefika. Si mbali. Lakini nilitazama mlima kwa upenyo wa bati nikaona wingu limekaa juu ya Uluguru, jeusi, linashuka. Viambaza ni udongo. Mvua ikitukuta njiani udongo unayeyuka, gunia linabaki wazi kama chujio, na mwali yuko katikati ya barabara.

Mie nasikia tu, niko ndani. Nikasikia kamba za mbele zinafunguliwa. Halafu mwanga, puu! Hata kwenye tundu letu ukaingia.

"Oya! Vipi tena!"

"Picha haionekani, bwana!"

"Mama, funga bwana, jamaa anakaribia kumuua mzee!"

Agustino: "Mama Wilfred! Una wazimu?"

"Sina."

"Unabomoa nyumba yangu na watu wamelipa?"

"Bati lako liko palepale, liangalie. Nguzo zipo. Mimi nachukua changu."

Cecilia akadakia, "Shemeji, sogeza mguu, usije ukakanyagwa na ukuta."

Wakaleta vile viambaza viwili vya mbele, wanavipitisha katikati ya mabenchi, wanaume wanainuka, wengine wanacheka, wengine wanatukana. Wakaviingiza kwa ubavu kwenye pazia, kanga mbili zimeshikwa juu kuziba. Vikasimamishwa mgongoni kwetu, upande wa tofali. Halafu Filomena akafungua mafundo ya vile viwili vya zamani. Nikasikia fundo la mwisho likiachia. Sasa hakuna kinachoshikilia chumba chetu isipokuwa mikono ya wanawake, wawili kila upande. Pembe zimeshonana. Irene katikati, amefunikwa gubigubi, ananishika kiuno.

"Mama Mkubwa, sema," Filomena akasema kutoka nje.

"Mkeka wa kwanza."

Tukaenda. Mikeka miwili, tunasimama juu ya mmoja, Filomena anainama anatandika wa mbele, tunahamia, anauvuta wa nyuma. Tunaenda kama kobe. Joto la sebuleni, moshi wa sigara, halafu hewa ya nje. Chumba kinatembea. Kiambaza kinagonga nguzo, pembe inafunguka upana wa mkono, Cecilia anaguna, pembe inafunga.

Vijana wa video wakatufuata. Hawa wa mjini hawajui lolote. "Mmebeba nini humo? Maiti?" "Wamebeba friji!" Mmoja akaanza kurukaruka apate kuona kwa juu. Niliisikia miguu yake. Niliinua fimbo yangu juu ya ukuta, nikasema atakayechungulia nampasua jicho, mie mzee, jela ya Kingolwira wanipeleke tu, nitawalimia.

Mzee Abasi akasimamisha cherehani yake. Yeye Mwislamu, si wa kwetu, ila kwao pwani mwali wanamjua. Alipoona tu alielewa. "Geukeni!" akapiga ukelele. "Nyie watoto hamna mama? Mwali anapita! Geukeni mtazame mlima!" Akageuka yeye wa kwanza, mzee mzima na futi shingoni. Wakubwa wakageuka. Vijana kuona wakubwa wamegeuka nao wakageuka, hawajui kwa nini.

Agustino hakugeuka. Alikimbia akasimama mbele yetu, njia yenyewe nyembamba.

"Rudisheni kuta zangu."

Wanawake wakasimama. Nasikia mianzi inalia mikononi mwao. Tone la kwanza likanipiga utosini. La pili kwenye kiambaza, pa! likaacha doa jekundu.

"Baba Wilfred, pisha," Filomena akasema.

"Sipishi. Nimekuwa kichekesho mtaa mzima. Unaniacha kwenye nyumba haina mbele?"

"Pisha, mvua."

"Rudi ndani kwanza tuzungumze."

Mie nikaongea kutoka ndani. "Agustino. Unazitaka kuta?"

"Ndiyo, mama."

"Basi zichukue. Cecilia, muachieni upande wake. Sogea, mwanangu, ushike hapa, uzichukue. Mwanao huyu hapa nyuma yake. Mtazame. Uwe wewe, baba yake, ndiye uliyemwona. Halafu utawaeleza watu wa ukoo, na yeye utamweleza kila mwaka mpaka unakufa."

Matone yanaongezeka. Irene kiunoni kwangu hapumui. Cecilia kweli akalegeza mikono, ile pembe ikafunguka kidole, vidole viwili. Nikaona kipande cha shati la Agustino. Na mie nilikuwa sitanii, ningemwacha.

Shati likageuka. Nikaona mgongo wake. Akajibanza kwenye ua wa miba wa mzee Abasi, uso ameziba kwa mikono miwili, miba inamchoma.

"Piteni," akasema. "Piteni basi, piteni."

Tulipita mkeka baada ya mkeka na mvua inakaza. Udongo ukaanza kuteremka, chokaa inanichuruzika mkononi kama maziwa. Upande wa kulia gunia likaanza kuonekana, nikavua kanga yangu ya juu nikamfunika Irene nayo. Kizingiti changu. Filomena akatandika mkeka wa mwisho ndani ya mlango. Mwali akavuka. Mlango ukafungwa, ukuta wa tofali, nyuma yetu viambaza vikaangushwa matopeni na wanawake wakakaa chini wanahema.

Nikamkagua Irene, nikatoka nikawaambia: "Hajaonwa."

Filomena akakaa kwenye tope na gauni la kanisani. Hakulia. Aliniuliza tena, "Hajaonwa?" Nikamwambia mie sirudii maneno.

Mvua ile ilikuwa na upepo. Niliona kwa dirisha langu, na nilivuta kigoda nione vizuri: nyumba ng'ambo haina mbele, mabenchi yanaelea, Agustino amevua shati amefunika televisheni, ameikumbatia kama mgonjwa. Bati lake linapiga kelele kwelikweli. Sikilizeni bati langu!

Irene alichezwa. Mjomba alishuka, ngoma ikalia mpaka vumbi likaisha. Mie ndiye nilimshika mkono kumtoa. Katikati ya ngoma nikaona Filomena anacheza pembeni peke yake, amefumba macho, anacheza zile hatua za mwali ambazo hakuwahi kuchezeshwa. Sikumkataza. Sikumwita katikati pia.

Agustino alituma watu kuomba radhi, akahamishia video yake huko Msamvu kwenye banda la kupanga, ikaenda vizuri kidogo, sipendi kusema. Filomena alimsamehe. Shauri yake. Alivipaka viambaza udongo upya, akarudi navyo, akavifunga mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyegusa fundo. Nilimwambia amefanya haraka. Akasema, "Mama Mkubwa, wewe ukisamehe mvua itanyesha juu kwenda." Utani wake ulikuwa umerudi.

Sasa watoto wamekwenda zao. Irene anakuja na wanawe, kuta zinasogea wanalala, wakiondoka zinarudi. Mie miguu ilipokataa, Filomena alinichukua kutoka kwangu akanipa ile kona ya nyuma, penye tofali pande mbili. Panapita baridi na nimemwambia. Agustino analala upande wa pili wa kiambaza, mzee sasa, anakohoa. Kila asubuhi shikamoo inakuja kwanza, kabla ya kutazama bati.

Mwezi uliopita Filomena alikuja na kanga kiunoni, anatazama nguzo, anakuna kichwa. "Mama Mkubwa, naona fimbo inakosa pa kupita. Nikuongezee?"

"Niongezee."

"Upande gani? Wa dirishani?"

"Wa Agustino," nikasema. "Mwambie avute kitanda ukutani."